"Usipoteze one yako": ushauri unaowapoteza vijana wetu bora

Kila Julai, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, kuna sentensi moja inayozunguka sebuleni, msikitini, kanisani na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: "Usiipoteze one yako." Anayeambiwa ni kijana aliyepata A tatu katika tahasusi za sayansi za PCB au PCM, yule tunayemwita "one ya tatu". Maana yake haihitaji ufafanuzi. Ukiwa na alama zinazoingia udaktari Muhimbili, halafu ukaomba kilimo Sokoine, takwimu Mlimani au upimaji ardhi pale Ardhi, umezitupa. Msimamo wangu ni kwamba ushauri huo ni mbaya, na unawaumiza zaidi wale wale unaodhaniwa kuwasaidia. Alama si fedha kwamba usipozimaliza zote kwenye kozi moja umepata hasara. Kijana mwenye A tatu akisoma kozi iliyochukua watu wa C tatu, zile A bado anazo kichwani, na huko ndiko zinakofanya kazi.

Vijana hawa si wajinga na wazazi wao si wabaya. Wanachagua kwa kufuata ishara wanazoziona, na ishara zenyewe ndizo mbovu. Ziko tatu: alama ya mwisho ya kuingia kwenye kozi, jina la chuo, na utaratibu wa udahili na mikopo unaomlazimisha kijana kuamua kabla hajajua atasoma kwa fedha gani. Kila moja inapotosha kwa namna yake, na dawa zake hazifanani.

Alama ya mwisho hupima uhaba

Chukua kozi ya kufikirika yenye nafasi 100 na waombaji 2,000 wenye sifa. Chuo kinawapanga kuanzia mwenye alama za juu, kinashuka hadi wa mia, kinafunga. Alama za huyo wa mia ndizo zitakazosimuliwa mtaani mwaka mzima kwamba "ndizo wanazotaka". Ukweli ni kwamba hakuna aliyezitaka. Zimetokea tu, kutokana na mambo mawili: nafasi zilikuwa ngapi, na waliozitamani walikuwa wangapi. Hazisemi lolote kuhusu ubora wa wahadhiri, wala ugumu wa masomo, wala kipato cha waliohitimu miaka mitano iliyopita. Nafasi zikiongezwa mara mbili mwakani, alama hizo zitashuka na kozi itabaki ile ile.

Udaktari unaonyesha jambo hili vizuri kuliko kozi nyingine yoyote. Darasa la sheria au la utawala wa biashara linaweza kukuzwa kwa kujenga ukumbi mkubwa na kuongeza vipaza sauti. Mwanafunzi wa udaktari anapofika miaka ya wodini anahitaji kitanda chenye mgonjwa, daktari bingwa wa kumsimamia kando ya kitanda hicho, na kikundi kidogo kiasi cha kila mmoja kupata zamu ya kumpima mgonjwa. Hospitali haikuzwi kwa haraka kama ukumbi. Kwa hiyo nafasi za udaktari zitabaki chache na alama zitabaki juu, hata soko la ajira ya madaktari likibadilika kabisa. Nalo limebadilika. Nchini Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma kwa siku 56 kuanzia Machi hadi Mei, na moja ya hoja kuu ilikuwa madaktari wahitimu waliokaa bila kupangiwa vituo vya mafunzo ya vitendo, pamoja na malipo yao. Hao ndio waliokuwa vinara wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini humo, waliopigwa picha na walimu wakuu wao wakibebwa juu juu. Kwetu Tanzania, daktari anasoma miaka mitano, anamaliza mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha anaingia kwenye foleni ya ajira za serikali. Nchi inahitaji madaktari, hilo halina ubishi. Lakini uhitaji wa wagonjwa na bajeti ya mishahara ni vitu viwili tofauti, na kijana huajiriwa na bajeti.

Mfano wa pili ni gesi. Kuanzia 2010, gesi asilia ilipoanza kugunduliwa katika kina kirefu cha bahari mbele ya pwani ya kusini, masomo ya mafuta na gesi yaligeuka gumzo la shule za sayansi. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa 2015. Kiwanda kikubwa cha kusindika gesi cha Lindi, ambacho ndicho kilichobeba matumaini ya ajira, hakijajengwa mpaka leo. Aliyeingia darasani wakati wa gumzo alitoka miaka minne baadaye akakuta soko limepoa. Kozi haikuwa mbaya, na wapo waliopata kazi nzuri. Tatizo ni kwamba waombaji walisongamana kwa kufuata vichwa vya habari, na msongamano ukatafsiriwa kuwa ushahidi wa thamani. Kozi ikipendwa, alama zinapanda; alama zikipanda, inapendwa zaidi. Mzunguko huo unaweza kwenda miaka kadhaa bila mtu yeyote kuuliza waliohitimu wako wapi.

Ukungu unaongezwa na taarifa tunazotoa. Mwongozo wa udahili unaochapishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unamweleza mwombaji sifa za chini za kila kozi na idadi ya nafasi. Sifa ya chini ya jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A kuwa 5. Kwa kozi zinazogombewa, alama za yule wa mwisho aliyechukuliwa ziko mbali sana juu ya sifa hizo, na habari zake husambaa kwa uvumi. Uvumi unazaa makosa mawili yanayopingana. Mwenye A tatu anadhani kozi za alama za chini hazimfai. Mwenye B tatu kutoka shule ya kata anaogopa kuomba kozi ambayo angeipata, kwa sababu kaka wa jirani alimwambia "pale bila A hupiti".

Jina la chuo lina nguvu, lakini si pale tunapodhani

Ishara ya pili ni jina. Hapa hoja maarufu inasema hivi: tazama mawaziri, majaji na wakurugenzi, wengi walisoma Mlimani, basi Mlimani ndiyo iliyowafikisha. Kasoro ya hoja hii ni rahisi kuiona ukitulia. Kwa miaka mingi chuo hicho kilichukua wale waliokuwa wamefaulu kuliko wenzao wote nchini, na kwa kipindi kirefu hapakuwa na vyuo vikuu vingine vingi vya kwenda. Ukikusanya vijana hodari kuliko wote mahali pamoja, wengi wao watafika mbali hata kama uliowapa ni maktaba na chumba cha kulala tu. Ili kujua chuo kimeongeza nini, lazima ulinganishe watu waliokuwa sawa kabla ya kuingia.

Watafiti wamefanya hivyo, na matokeo yanapaswa kuwatuliza wazazi wengi. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, katika utafiti uliochapishwa 2014, waliangalia shule za sekondari za kitaifa nchini Kenya, zile ambazo familia nzima huombea mtoto apangiwe. Waliwalinganisha wanafunzi waliovuka kizingiti cha kuingia kwa alama chache na wale waliokikosa kwa alama chache, yaani watoto ambao kwa uwezo walikuwa karibu sawa. Walipofika KCSE, waliosoma shule hizo kubwa hawakuonekana kuwazidi wenzao kwa kiasi cha kuzungumziwa. Matokeo mazuri ya shule hizo yalitokana kwa sehemu kubwa na watoto walioingia. Norway, ambako udahili wa vyuo unafanywa kwa mfumo mmoja wa kitaifa, Lars Kirkebøen, Edwin Leuven na Magne Mogstad walionyesha 2016 kwamba fani mtu aliyosomea inabadilisha kipato chake sana, wakati tofauti kati ya chuo na chuo ndani ya fani ile ile ni ndogo ukilinganisha na hiyo. Tena waliona kwamba watu huelekea kufaidika zaidi katika fani walizozipanga mbele wenyewe, kwa sababu huko ndiko uwezo wao unakozidi wa wengine.

Marekani, nchi inayoabudu majina ya vyuo kuliko sisi, Stacy Dale na Alan Krueger waliwafuatilia wanafunzi walioomba na kukubaliwa vyuo vya kiwango kinachofanana, kisha baadhi wakaenda chuo chenye jina kubwa na wengine chenye jina dogo. Miaka mingi baadaye vipato vyao kwa wastani havikutofautiana sana. Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walirudi kwenye swali hilo kwa takwimu nyingi zaidi, wakitazama vyuo 12 vya juu kabisa. Nao waliona wastani wa kipato haubadiliki sana, ila uwezekano wa kuingia shule kubwa za uzamili unakaribia kuongezeka maradufu, na ule wa kuajiriwa na kampuni zenye hadhi unaongezeka mara tatu. Kwa hiyo jina lina nguvu, lakini nguvu yake iko kwenye njia chache nyembamba. Kwa mtu anayetaka kuwa mhandisi wa maji, mhasibu au mwalimu mzuri wa fizikia, njia hizo hazimhusu.

Norway si Tanzania, na sitaki msomaji anunue tarakimu za huko kwa jumla. Kinachohama kutoka nchi moja kwenda nyingine ni namna ya kuuliza swali. Ukiuliza hapa kwetu, utaona milango ya ajira ya wahitimu inavyofanya kazi. Anayeomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira anakaa kwenye usaili wa maandishi pamoja na wahitimu wa vyuo vyote, na anasonga mbele kwa karatasi yake. Anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi anadaiwa GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Anayetafuta ufadhili wa shahada ya uzamili nje ya nchi mara nyingi ataombwa daraja la pili la juu, ambalo kwetu linaanzia 3.5. Katika milango yote hiyo mitatu, kijana aliyeingia kozi ya jina kubwa asiyoipenda, akakusanya sapu kila mwaka, akabeba keri hadi mwaka wa mwisho na kuponea chupuchupu kudisko, ana hali mbaya kuliko mwenzake aliyeongoza darasa katika chuo ambacho shangazi zake hawajawahi kukisikia.

Dhana nyingine inayoendana na hii ni kwamba chuo binafsi ni kwa walioshindwa. Katika elimu ya afya dhana hiyo haisimami hata dakika moja. Chuo cha Bugando jijini Mwanza na kile cha KCMC mjini Moshi ni vya taasisi za dini, na vyote vinafundishia ndani ya hospitali kubwa za rufaa zinazopokea wagonjwa wa kanda nzima. Mwanafunzi wa udaktari mwenye busara atauliza ni wanafunzi wangapi wanagawana wodi moja kabla ya kuuliza mmiliki wa chuo ni nani. Tofauti ya kweli kati ya chuo cha umma na binafsi kwa familia nyingi ni ada, na hilo ni swali halali linalostahili kujibiwa kwa kalamu na karatasi.

Kuna kundi moja ambalo ushauri wangu kwake ni kinyume na hayo yote. Dale na Krueger waligundua kwamba wanafunzi kutoka familia zenye elimu ndogo, na wale wa makundi yaliyobaguliwa, ndio waliofaidika na chuo chenye jina. Sababu inaeleweka. Mtoto wa wakili atapata pa kufanyia mafunzo ya vitendo hata asipokuwa na chuo kikubwa, kwa kuwa baba atapiga simu. Mtoto wa mkulima wa Kasulu simu yake ni chuo: wahadhiri wanaojulikana, wanafunzi wenzake watakaokuja kuwa waajiri, na jina linalomfanya mtu asome barua yake hadi mwisho. Ajabu ni kwamba tunawashauri kinyumenyume. Mtoto wa mjini tunamsukuma juu hata asikotaka, na yule wa kijijini tunamwambia achague "cha karibu na nyumbani, kisicho na mambo mengi". Caroline Hoxby na Christopher Avery waliona jambo hilo hilo Marekani 2013: wanafunzi wengi wenye uwezo mkubwa wa familia maskini hawakuomba kabisa vyuo vikubwa, ingawa kwa misaada ya fedha iliyokuwepo wangelipa kidogo kuliko vyuo vya karibu nao.

Hilo linanileta kwenye imani kwamba kusoma nje ni kwa watoto wa matajiri. Vyuo vya Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havizingatii uwezo wa kifedha wa mwombaji vinapoamua nani achukuliwe, hata akiwa mgeni, na vinafidia upungufu wote wa familia yake. Kuvipata ni kazi nzito, maana vinne kati ya hivyo huchukua waombaji wasiofika 5 katika kila 100, kwa hiyo asiyeomba kwingine anacheza bahati nasibu. Kikwazo kikubwa zaidi kwa Mtanzania ni kalenda. Maombi yao hufungwa kati ya Novemba na Januari, miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei wa kidato cha sita. Mwalimu anayengoja matokeo ya Julai ndipo ataje vyuo hivyo amechelewa mwaka mzima.

Utaratibu unaomharakisha kijana

Ishara ya tatu ni utaratibu wenyewe. Uchaguzi huanza kubanwa mapema, mara tu baada ya kidato cha nne, kijana anapopangiwa tahasusi. Serikali ilitangaza 2024 kuongeza tahasusi hadi kufikia 65, na hiyo ni hatua njema, ila shule nyingi hazina walimu wa kufundisha nje ya zile zilizozoeleka. Aliyeingia PCB akiwa na miaka 16 au 17 anafika kidato cha sita akiwa ameshaambiwa mara elfu kwamba yeye ni daktari mtarajiwa. Fedha nazo zinasukuma upande huo huo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, unawagharamia wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, teknolojia au tiba. Lengo lake ni zuri na umewainua vijana waliostahili. Lakini kijana wa HGE (historia, jiografia na uchumi) mwenye A tatu, ambaye angeweza kuwa mchumi wetu bora wa kizazi kijacho, hana ufadhili wa namna hiyo, na wadogo zake wanaona.

Kisha yanakuja maombi. Kuanzia 2010 tulikuwa na mfumo wa pamoja ambapo mwombaji alijaza machaguo yake TCU na kupangiwa. Mwaka 2017 uliachwa, na waombaji wakarudi kuomba katika kila chuo moja kwa moja. Matokeo yake tunayaona kila mwaka. Kijana mwenye alama nzuri anaomba vyuo vinne au vitano, anachaguliwa vyote, kisha jina lake linatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja na anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu. Mpaka athibitishe, ameshikilia viti vinne ambavyo hatavikalia. Aliye nyuma yake kwa alama moja anaambiwa amekosa. Viti vikifunguliwa awamu ya pili, huyo wa nyuma huenda ameshakubali kozi asiyoitaka kwa kuogopa kubaki nyumbani. Na kwa kuwa kila chuo kina ada yake ya maombi, wingi wa machaguo unategemea mfuko wa mzazi.

Tatizo hili lilipatiwa ufumbuzi wa kihesabu zamani. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walionyesha njia rahisi. Kila mwombaji anaorodhesha anakotaka kwa mpangilio. Anapelekwa chaguo la kwanza. Chuo kinawashikilia kwa muda wale bora kulingana na nafasi, kinawaachia wengine. Walioachiwa wanapelekwa chaguo la pili, na kama huko wana alama kuzidi mtu aliyeshikiliwa kwa muda, yeye ndiye anayeachiwa. Mzunguko unaendelea mpaka hakuna wa kuhama, ndipo majina yanatangazwa. Kila mtu ana kiti kimoja, na hakuna anayeweza kulalamika kwamba kuna kozi aliyoipenda zaidi iliyomchukua mtu wa alama za chini yake. Faida kubwa kwa mwombaji ni kwamba, orodha isipobanwa, hana sababu ya kudanganya. Akiandika anachokitaka kwa ukweli hapati hasara. Shapley, pamoja na Alvin Roth aliyeifanyia njia hii kazi katika upangaji wa madaktari na shule, walipata tuzo ya Nobel ya uchumi 2012.

Najua jibu litakalokuja: mfumo wa pamoja tuliujaribu, watu wakalalamika kupangiwa wasikotaka. Malalamiko yale yalikuwa na msingi. Lakini mtu anayejaza machaguo bila kujua kozi zina nini atapangiwa asikotaka chini ya mfumo wowote, na kuwarudisha waombaji kwenye kila chuo hakujaleta taarifa hizo. Kenya wamebaki na mfumo wa pamoja, KUCCPS, unaomwonyesha mwombaji alama za mwisho za miaka iliyopita kwa kila kozi. Nao wana dhambi zao. Hesabu yao ya klasta, inayochanganya masomo manne ya kozi yenye jumla ya 48 na masomo saba yenye jumla ya 84, imewafanya vijana walisome jedwali la alama kama orodha ya heshima. Namba zikitolewa peke yake, bila kueleza wahitimu walifikia wapi, zinachochea ugonjwa ule ule wa kutopoteza alama.

Kibaya kuliko vyote ni mpangilio wa tarehe. Kijana anathibitisha chuo kwanza. Majibu ya Bodi ya Mikopo yanakuja baadaye, vyuo vikikaribia kufunguliwa. Anachagua kati ya chuo cha umma na chuo binafsi, kati ya kozi ya miaka mitatu na ya mitano, kati ya Dar es Salaam na Dodoma, bila kujua kama atapata mkopo wote, nusu, au boom, yaani posho ya kujikimu, peke yake. Mtoto wa mwenye nacho hilo halimsumbui. Mtoto wa asiye nacho anakisia, na akikosea anaahirisha mwaka.

Nini kifanyike

La kwanza ni kutumia taarifa ambazo serikali tayari inazo. Kwa sheria, mnufaika wa mkopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Maana yake Bodi ya Mikopo ina kumbukumbu, mahali pamoja, za nani alisoma kozi gani, chuo gani, aliajiriwa baada ya muda gani na kwa mshahara upi. Hakuna utafiti wa wahitimu utakaofikia hazina hiyo. Bodi itoe kila mwaka jedwali la kozi kwa kozi na chuo kwa chuo, bila jina la mtu: asilimia ya walioanza kurejesha ndani ya miaka miwili na mshahara wa katikati. Jedwali halitawaona waliojiajiri wala wasiokopa, na hilo liandikwe wazi juu yake. Hata hivyo litakuwa na ukweli mwingi kuliko uvumi wa mtaani.

La pili ni la TCU. Mwongozo wake uweke safu tatu zaidi kando ya sifa za chini: alama za aliyekuwa wa mwisho kuchukuliwa mwaka uliopita, asilimia ya wanaomaliza kwa wakati, na idadi ya wanafunzi kwa mhadhiri katika kozi husika. Kisha irejeshe orodha moja ya machaguo, isiyo na kikomo kifupi, itakayoendeshwa kwa njia ya Gale na Shapley, kwa ada moja ya maombi. Vyuo vibaki na haki ya kuweka sifa zao. La tatu ni la Bodi na Tume pamoja: mwombaji apewe makadirio ya mkopo wake kabla ya siku ya kuthibitisha, hata kama ni ya awali. Vijana wengine huwa kambini JKT majira ya maombi, kwa hiyo huduma hizi ziwafuate huko.

Shule nazo ziache mabango ya "tumepeleka 40 udaktari" na badala yake zialike wahitimu wao wa miaka kumi iliyopita, wakiwemo waliobadilisha fani, waseme siku yao ya kazi inakwendaje kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kwa kijana mwenyewe sitasema "fuata moyo wako". Moyo wa mtu wa miaka 19 haujawahi kuingia kwenye maabara ya udongo wala ofisi ya bima; unapenda kile ulichokiona kwenye runinga. Nasema fuata mpangilio wa maswali. Kwanza, anayefanya kazi hii anafanya nini kutwa, na je, ningekubali kuifanya Jumatatu isiyo na sifa? Katafute wodi, karakana, shamba au ofisi ukaone kwa wiki moja kabla ya Julai. Pili, kozi nzima itagharimu kiasi gani mpaka mwisho, na nani atalipa mwaka wa mwisho? Tatu, je, bodi ya taaluma inaitambua, wanafunzi wanakwenda mafunzo ya vitendo wapi, maabara ina vifaa au picha za vifaa? Jina la chuo liwe swali la nne, isipokuwa kama nyumbani kwenu wewe ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Hapo lipandishe hadi la pili, na uombe juu bila woga.

Mzazi, kazi yako ni kumsaidia kupata majibu ya maswali hayo kabla ya siku ya kuthibitisha, kisha umwachie simu abonyeze mwenyewe. Atakayekaa miaka mitatu, minne au mitano kwenye kiti hicho ni yeye, na atakayekatwa mshahara kulipa deni lake ni yeye.